Glavu za Mazoezi ya Bastola: Kwanza Ujue Mkono Unaumia Wapi

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wenye leseni wanaofanya mazoezi ya bastola katika viwanja vya shabaha. Zote zinagusa jambo moja, nalo ni mikono.

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mkazi wa Kiambu, namiliki bastola kwa leseni na hufanya mazoezi Kirigiti. Bastola yangu ni Glock 19. Nikishamaliza magazini (kasha la risasi liingialo ndani ya mpini) mbili au tatu, ngozi iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada huwa imechubuka, na mara nyingi huona mistari miwili myembamba, myekundu, iliyokwenda sambamba. Kiganja nacho huwaka kwa sababu ya ukwaru wa mpini. Shemeji yangu aliniazima glavu zake za pikipiki, lakini nilipozivaa nilipiga risasi moja tu, kisha kifyatulio kikawa kama kimegoma, na msimamizi wa uwanja akaniagiza nizivue mara moja. Mkono wangu ni mdogo. Nielekezeni glavu zinazofaa, na mniambie kama kweli glavu ndizo dawa. *Msomaji wa kike, Kiambu.*

JIBU: Dada, ahsante kwa barua yako, na hasa kwa kueleza maumivu yalipo, kwa maana hapo ndipo jibu linapoanzia. Wengi hutuuliza ni glavu gani nzuri bila kusema wanaumia wapi, ilhali ngozi inayochubuka karibu na gumba, kiganja kinachowaka, ncha ya kidole inayokatwa na kifyatulio na kifundo cha gumba kinachouma hadi kesho yake ni matatizo manne yenye sababu nne. Baadhi yake glavu huyamaliza, na mengine huyaficha tu.

Tuanze na ile mistari miwili. Hiyo ni alama ya slaidi, yaani kile kipande cha juu cha bastola kinachorudi nyuma kwa kasi kila risasi inapotoka. Kingo zake mbili za chini zikiikuta nyama ya mkono imepanda juu ya mkia wa mpini, yaani ile ncha ya juu iliyochomoza nyuma, huikwangua kushoto na kulia kwa mpigo mmoja, ndiyo sababu alama huwa mbili na huwa sambamba. Kwenye bastola zenye nyundo ya nje, mfano Browning Hi-Power za zamani ambazo zina sifa hiyo ya kung'ata, alama huwa tofauti: nyundo inaporudishwa nyuma hufinya ngozi dhidi ya mkia wa mpini na kuacha vilio la damu. Ukiitazama alama yako vizuri baada ya mazoezi, utajua ni kitu gani kilichokugusa.

Glavu nyembamba itakupunguzia mchubuko huo, sikatai, lakini slaidi itakuwa inakwangua glavu badala ya ngozi, na kitambaa kilicholegea kikinaswa pale nyuma, slaidi inaweza isirudi mbele sawasawa na bastola ikakwama. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mwombe mkufunzi asimame kando yako atazame mshiko wako kwa ubavuni. Mkono unatakiwa ukae juu kadiri mpini unavyoruhusu, lakini nyama isiinuke kuvuka ule mkia. Glock za kizazi cha nne, zilizoanza kutoka mwaka 2010, na za kizazi cha tano hutengenezwa ziweze kubadilishwa mgongo wa mpini, na baadhi ya migongo hiyo ina mkia mrefu zaidi unaoifunika nyama ya mkono. Kama bastola yako ni ya vizazi hivyo, tafuta migongo hiyo ndani ya sanduku iliyokuja nalo, au mwulize aliyekuuzia. Kwa mwenye tatizo lako, kipande hicho kidogo cha plastiki kina faida kuliko glavu yoyote.

Hapohapo mkufunzi akutazamie gumba la mkono wa kushoto, kwa kuwa nachukulia unafyatua kwa mkono wa kulia. Wako wanaoanza kujifunza ambao hulizungusha nyuma ya mkono wa kulia, likapita juu ya ile nyama kati ya gumba na shahada, mahali hasa ambapo slaidi inarudi. Jeraha la hapo si mchubuko. Ni mkato unaoweza kuhitaji kushonwa, na hakuna glavu ya mazoezi inayoweza kuuzuia. Magumba yote mawili yakae upande wa kushoto wa bastola yakielekea mbele.

Sasa tuje kwenye kiganja, ambako glavu ina kazi ya kweli. Mpini wenye ukwaru umewekwa hivyo makusudi ili bastola isiteleze, na mkono usiozoea huulipia ushikaji huo kwa malengelenge. Baada ya muda ngozi huota sugu na maumivu hupungua, lakini hakuna haja ya kuteseka ukisubiri, kwa sababu anayeumia huanza kulegeza mshiko bila kujua, na mshiko ukilegea bastola huruka zaidi na kuumiza zaidi. Mtu anayejikunja kwa hofu ya maumivu kabla risasi haijatoka hajifunzi kulenga, anajifunza kujikunja.

Kilichokupata ukiwa na glavu za pikipiki nataka wasomaji wote wakielewe. Baada ya risasi kutoka, kifyatulio lazima kirudi mbele kwa umbali fulani ndipo kiweze kufyatua tena. Kidole kilichofunikwa na kitambaa kinene hujaza nafasi iliyo ndani ya kitanzi kinachozunguka kifyatulio, kikakizuia kisirudi hadi mwisho, na ndiyo maana ulikiona kimegoma. Hilo ndilo tatizo jepesi. Zito ni kwamba glavu hiyohiyo, kidole kinapoingia kwenye kitanzi, inaweza kukibonyeza kifyatulio kabla mwenyewe hujahisi kwamba umekigusa. Ukumbuke pia kwamba usalama mkuu wa Glock ni ule ulimi mdogo uliopachikwa katikati ya kifyatulio, na ulimi ule haujui kama umebonyezwa na kidole ulichokusudia au na mkunjo wa kitambaa. Msimamizi wako alifanya kazi yake ipasavyo, naye anastahili shukrani.

Kwa sababu hiyo, glavu ya bastola huchaguliwa kwa kidole cha shahada kwanza, na mambo mengine yote hufuata. Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kiganja kwenye vifundo vya vidole bila kuhesabu gumba, kisha upime urefu kutoka mstari wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Kwa vipimo vya Ulaya, ambavyo hutumiwa na watengenezaji wengi wa glavu za kazi, saizi 7 ni mzunguko wa milimita 178 na urefu wa milimita 171, saizi 8 ni milimita 203 kwa 182, na saizi 9 ni milimita 229 kwa 192. Mwanamke mwenye mkono mdogo akinunua glavu za "saizi moja kwa wote" ataishia na vidole virefu kuliko vyake, na ile ncha tupu inayoning'inia mbele ya kidole cha shahada ndiyo ya kuogopwa. Kipimo chako kikiangukia katikati ya saizi mbili na glavu ni ya ngozi halisi, chukua ndogo, kwa kuwa ngozi hutanuka na kufuata umbo la mkono. Ikiwa ni ya poliesta isiyotanuka, jaribu zote mbili na uamue ukiwa umekunja ngumi.

Ukishaivaa, igeuze ncha ya kidole cha shahada uitazame mshono wake. Mshono mnene ukipita mahali kidole kinapokutana na kifyatulio, kila risasi itakukumbusha kwamba upo. Bora ni glavu ambayo mishono yake imepelekwa pembeni au mgongoni mwa kidole. Kiganja chake kiwe cha tabaka moja. Zipo glavu za kazi zenye kiganja cha nusu milimita, na hizo humwachia mpigaji hisia karibu kama ya mkono mtupu. Ngozi ya mbuzi ni nzuri kwa kuwa ni nyembamba na haichaniki upesi. Ngozi ya ng'ombe mara nyingi ni nene mno kwa kazi hii. Kiraka cha ziada kati ya gumba na shahada kinakubalika, mradi kiwe bapa. Usivutwe na zile zenye mito ya jeli kiganjani. Mtu huona mto akadhani ni faraja, kumbe mto huo huifanya bastola icheze mkononi, huongeza unene wa mpini, na kwa mwenye mkono mdogo kama wewe humfanya kidole chake kisifike vizuri kwenye kifyatulio. Vifundo vigumu vya plastiki vya glavu za pikipiki na za kijeshi havina kazi yoyote unapolenga karatasi.

Kuna wanaotumia glavu za gofu, ambazo kwa Kiambu hazikosekani. Ngozi yake ni nyembamba sana na hisia ni nzuri. Tatizo ni kwamba glavu ya gofu huuzwa moja, na kwa mchezaji wa mkono wa kulia ile moja ni ya kushoto, ilhali mchubuko wako uko mkono wa kulia. Waombe ya mchezaji wa mkono wa kushoto, na ukubali kwamba ukwaru wa mpini utaimaliza mapema.

Glavu zisizo na ncha za vidole nazo ni chaguo la heshima, na kwa hali yako ndizo ningeanza nazo: hukinga kiganja na ile nyama ya karibu na gumba, na kukiachia kidole cha shahada uhuru wake wote. Hakikisha tu kwamba upindo wa kidole hicho haufiki ndani ya kitanzi. Kama utakata ncha ya glavu nzima mwenyewe, kata chini ya kifundo cha kati, na umpe fundi apinde ukingo, kwa sababu ukingo mbichi hufumuka nyuzi.

Majaribio ya kwanza yafanye dukani bila bastola. Ukiwa umevaa glavu, okota sarafu ya shilingi moja juu ya meza; ikikushinda, hutaweza kujaza magazini wala kuondoa risasi iliyokwama. Kisha ukiwa uwanjani, mbele ya mkufunzi, magazini ikiwa nje na chemba, yaani mahali risasi inapokaa tayari kupigwa, ikiwa imekaguliwa kwa macho na kwa kidole, vuta slaidi, bonyeza kitufe cha kutoa magazini, fyatua bila risasi, na uachie kifyatulio polepole hadi usikie kimerudi. Rudia mpaka mkono uizoee. Baada ya hapo anza na risasi moja tu ndani ya magazini, siyo kumi na tano.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu kifundo cha gumba, ingawa hukulalamikia hapo. Kikianza kuuma, maana yake huenda bastola inakaa upande kwenye kiganja, ikakisukuma kifundo badala ya mkono mzima kuupokea msukumo, jambo la kawaida pale mpini unapokuwa mkubwa kuliko mkono. Dawa yake ni mgongo mdogo zaidi wa mpini. Ganzi ya vidole isiyoisha siku ya pili ni ya kupeleka kwa daktari.

SWALI: Mimi niko Mombasa. Sina maumivu, ila viganja hutoka jasho kiasi kwamba bastola yangu, Ceska ya chuma, huzunguka mkononi nikifika katikati ya magazini. Je, glavu itasaidia? Nina nia pia ya kuingia mashindano ya shabaha. *Msomaji wa Mombasa.*

JIBU: Ndugu yangu, kwa joto la pwani glavu iwe chaguo la mwisho. Mkono uliofungwa ndani ya ngozi hutoka jasho zaidi, na ngozi iliyolowa huteleza na baadaye hukauka ikawa ngumu. Anza na taulo dogo la pamba kiunoni na ujifute kila unapobadilisha magazini. Hilo lisipotosha, tumia chaki ya maji, ile wanayopaka wapanda miamba na wanyanyua vyuma: hupakwa kidogo, ikaachwa ikauke kabisa kabla hujashika bastola, na haiachi vumbi jingi la kuingia kwenye mitambo. Kisha vitazame vibao vya mpini. Ceska ndiyo hiyo inayoandikwa CZ, na bastola nyingi za CZ 75 hukaza vibao vyake kwa skrubu, kwa hiyo kuweka vyenye ukwaru zaidi ni kazi ya dakika chache kwa fundi wa silaha anayetambuliwa. Ukiwa bado unataka glavu, tafuta yenye mgongo wa wavu unaopitisha hewa na kiganja cha ngozi bandia, uende na jozi mbili ili moja ikauke.

Kuhusu mashindano, soma kanuni za aina ya mashindano unayoyataka kabla ya kuzoea kifaa chochote. Katika mashindano ya bastola ya mtindo wa Olimpiki, yanayoendeshwa kwa kanuni za ISSF, yaani shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, hupigwa kwa mkono mmoja, na bangili, saa na mikanda ya kifundo hairuhusiwi kwenye mkono unaoshika bastola, kwa kuwa huhesabiwa kuwa msaada. Glavu yenye mkanda mpana wa kukaza kifundo itakuletea maswali mezani kwa waamuzi. Kama ndiko unakoelekea, zoea mkono mtupu tangu sasa.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni Mkenya ninayeishi Minneapolis. Uwanja wetu ni wa nje na mwezi wa Januari baridi hushuka nyuzi ishirini chini ya sifuri. Glavu nyembamba hazinisaidii na nene naziogopa. Nifanyeje? *Msomaji wa Minnesota.*

JIBU: Marahaba. Kuziogopa nene uko sahihi, na sababu ni zilezile nilizomwandikia dada wa Kiambu, isipokuwa kwako kuna hatari ya nyongeza: kidole kilichokufa ganzi kwa baridi hakihisi kifyatulio hata kikiwa kitupu. Kwa hiyo kuvua glavu na kuvumilia, kama wanavyofanya baadhi ya watu, ni kubadilisha hatari moja kwa nyingine. Tena chuma chenye baridi kali huumiza ngozi inayokishika.

Njia inayofaa ni tabaka mbili zenye kazi mbili. Ndani vaa glavu nyembamba ya sufu au ya kitambaa cha poliesta chenye kiganja cha kushika, iliyobana kila kidole. Juu yake vaa glavu kubwa isiyotenganisha vidole, yenye kipasha joto ndani. Hiyo kubwa ni ya kusubiria zamu tu. Bastola ikiwa mezani au kwenye ala, unaivua, unapiga mfululizo wako mfupi, unaiweka bastola chini salama, ndipo unairudisha. Usiivue wala kuivaa kamwe ukiwa na bastola mkononi. Mfululizo uwe mfupi kuliko wa majira ya joto, na ukiona huwezi kugusanisha gumba na kidole kidogo bila kuvuta nguvu, siku hiyo imekwisha. Theluji ikizilowesha zile nyembamba, badilisha, kwa sababu kitambaa kilicholowa hupoza mkono upesi.

Angalia pia nafasi ya kitanzi cha kifyatulio katika bastola yako. Baadhi ya bastola zina kitanzi kipana na nyingine chembamba, na glavu iliyompendeza rafiki yako inaweza isifae kwenye yako. Na kama kuna uwanja wa ndani unaoweza kuufikia, mazoezi ya kulenga yafanye huko, ule wa nje uutumie kuzoea kushika na kuachia bastola ukiwa na mavazi ya baridi.

SWALI: Baada ya mazoezi glavu zangu za ngozi huwa na weusi kiganjani. Mke wangu hataki zifuliwe pamoja na nguo za watoto. Je, ana sababu? *Msomaji wa Arusha.*

JIBU: Shemeji yetu ana sababu nzito, na umsikilize. Weusi ule ni masizi ya baruti yakiwa yamechanganyika na madini ya risasi (kwa Kiingereza lead), ambayo hutoka kwenye fataki inayowasha baruti na kwenye kichwa cha risasi chenyewe. Madini hayo ni sumu inayojikusanya mwilini, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, ambao ubongo wao bado unakua, na mama wajawazito. Glavu hukusaidia kwa kuyapokea yasishike kwenye ngozi yako, lakini ukiivaa hadi kwenye gari, ukashika usukani, simu na kisha mkate, umeyahamisha tu.

Zivue glavu ukiwa bado uwanjani, kwa kuzigeuza ndani nje, uzitie kwenye mfuko unaofungwa ambao hauingii jikoni wala chumba cha watoto. Nawa mikono na uso kwa sabuni na maji kabla ya kula, kunywa au kuvuta sigara. Za kitambaa zifue peke yake na usizichanganye na nguo nyingine. Za ngozi zipanguse kwa kitambaa chenye unyevu unachokitupa baada ya hapo, na usizipige kukung'uta vumbi. Zikichakaa, zisiwe za bustani wala za kubebea mizigo nyumbani, zitupe. Kazi ya kusafisha bastola isifanywe na glavu hizo hata kidogo, kwa kuwa ngozi hunywa mafuta na dawa za kusafishia na kukurudishia mkononi. Kwa kazi hiyo vaa glavu za naitrili za kutumia mara moja, zile za buluu au nyeusi zinazopatikana kwenye maduka ya dawa, ukiwa mahali penye hewa na watoto wakiwa mbali.